Ubongo Hutambuaje Kwamba Mtu Anakutazama?

Mtu aliyekaa mbele yako akiyahamisha macho kidogo tu, kutoka usoni pako hadi begani, unatambua papo hapo kwamba hakutazami tena. Mvuto wa macho huanza mapema mno: watoto wachanga wenye umri wa siku 2 hadi 5 hukawia zaidi kwenye uso ambao macho yake yanawaelekea kuliko ule unaotazama kando.

Umbo la jicho lenyewe husaidia. Mwaka 1997 Hiromi Kobayashi na Shiro Kohshima walionyesha kwamba, tukilinganishwa na nyani na sokwe, weupe wa macho yetu ni mkubwa na huonekana wazi. Duara jeusi lililozungukwa na weupe hufichua upande linakoelekea.

Hata hivyo, ubongo hautegemei macho peke yake. Tangu 1824, mwanasayansi Mwingereza William Hyde Wollaston alionyesha kwamba macho yale yale yaliyochorwa, yakiwekwa katika uso uliogeukia upande mwingine, huonekana kutazama kwingine. Hii ina maana kwamba ubongo hujumlisha mwelekeo wa macho na wa kichwa, na sehemu inayohusika sana na kazi hiyo iko ubavuni mwa ubongo, usawa wa sikio. Taarifa zinapokuwa hafifu, kama vile penye giza au kwa mbali, ubongo huelekea kukisia kwamba tunatazamwa. Kwa maoni yangu, ukisiaji huo una busara, kwani kumdhania asiyekutazama hugharimu kidogo kuliko kutomgundua anayekutazama. Lakini ndiyo sababu hisia ya kutazamwa pekee haitoshi kuwa ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwanamke ambaye ugonjwa uliharibu amigdala zake zote mbili, yaani vijisehemu vya ndani ya ubongo vinavyohusika na hofu. Alishindwa kutambua hofu katika nyuso za watu, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba uwezo huo umepotea kabisa. Utafiti wa 2005 ulibaini kwamba tatizo lilianzia kwingine: hakuwa akiyaelekeza macho yake kwenye macho ya wenzake. Alipoagizwa kuyatazama, aliitambua hofu kama watu wengine. Agizo lilipoondolewa, macho yake yaliacha tena kuyatafuta macho ya wengine.