Kulanti na haya tunayoita maji ya rejeta

Juzi tena, kwa fundi hapa Malindi, jamaa gari imechemsha hata Gede hajafika, aulizwa kulanti ulitia lini, ajibu "maji nimetia asubuhi, nusu jerikeni." Nikanyamaza lakini imenikaa rohoni.

Kulanti ni yale majimaji yanayozunguka ndani ya injini, yanabeba moto mpaka kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Basi. Ni maji safi yaliyochanganywa na glaikoli (kemikali ya majimaji) na dawa za kuzuia kutu.

Shida ni hili neno maji. Kwetu maji ni chochote cha kumiminika, tuna maji ya ndimu, maji ya dafu, hata maji ya dhahabu, na sijaona mtu akichota maji ya betri kisimani, kila mtu ajua yananunuliwa. Lakini maji ya rejeta, mbio kisimani! Na visima vyetu vya pwani vingi ni chumvi na chokaa, tazama tu ule ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai, sasa huo huo ndio unaoziba vijia vya rejeta.

Na jina la Kizungu nalo halisaidii, maana yake kipozaji, ukasikia wadhani glaikoli ndiyo inapoza. Hapana bwana, maji matupu yabeba moto kuishinda. Kazi ya glaikoli ni kuchelewesha mchemko, ukichanganya na maji nusu kwa nusu yachemka kwenye nyuzi 107 hivi badala ya 100, na huko kwenye barafu yasigande.

Glaikoli yenyewe asili yake ni neno la Kigiriki la utamu, ndio maana ukisikia ndani ya gari harufu tamutamu kama sharubati imemwagika, ujue inavuja (usionje, ni sumu, na paka huilamba). Zile dalili nyingine wazijua, chupa ya kulanti yapungua kila wiki, doa la kijani au pinki chini ya gari, moshi mweupe usiokwisha kwenye ekzosi, oili imekuwa chai ya maziwa. Matone yasiyo na rangi kwa kawaida ni ya eisi, hayo achana nayo. Ila mshale wa temprecha ukishuka ghafla usifurahi, pengine kulanti imekwisha na sensa yapima hewa tu.

Sema maji ya rejeta ukitaka, hata mimi nasema nikiwa na haraka, lakini fundi akikuuliza kulanti, usimjibu habari za jerikeni.