Unapoonana na Daktari wa Magonjwa ya Akili kwa Video: Mambo ya Kutayarisha

Katika miezi ya karibuni, kliniki yetu hapa Nairobi imepokea malalamiko kadhaa kuhusu miadi ya mtandaoni, na mengi yanafanana: kwamba daktari alikatiza mazungumzo, kwamba alikataa kuandika dawa iliyoombwa, au kwamba alimhoji mgonjwa kuhusu mahali anapoishi kana kwamba yeye ni askari. Ninaamini kwamba wengi wa waliolalamika wangetayarisha mambo haya mapema iwapo wangejua sababu zake.

Swali la mahali ulipo huulizwa kwanza kwa sababu daktari aliyeketi Upper Hill hawezi kukufikia Pipeline ukizidiwa katikati ya mazungumzo; anachoweza ni kumpigia simu mtu aliye karibu nawe. Kwa hiyo uwe na jina la mtaa, jina la ploti, orofa, alama inayojulikana kama vile kanisa au kituo cha mafuta, na nambari ya jirani au ndugu unayemwamini, ambaye umeshamjulisha kwamba huenda akapigiwa. Kusema "niko Embakasi" hakutoshi.

Tunafahamu kwamba wengi wanaishi chumba kimoja na familia nzima. Wapo wanaowasha redio karibu na mlango, na wapo wanaoketi ndani ya gari lililoegeshwa. Yote mawili yanakubalika. Kuongea ukiwa ndani ya matatu hakukubaliki. Daktari akisikia makanga akiita abiria wa Rongai atapanga siku nyingine, na huko si kukudharau.

Lililo muhimu kuliko yote ni mfuko wa dawa. Tafadhali usituambie "zile nyeupe ndogo". Mama mmoja aliyelalamika kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili aliombwa amimine mfuko wake wote mezani mbele ya kamera, na hapo tukaona pakiti mbili za rangi tofauti, kila moja na jina lake la kibiashara, zote zikiwa dawa ileile ya kabamazepini, inayotumika kwa kifafa na kutuliza hisia. Alikuwa akimeza zote mbili, asubuhi na jioni, kwa kuwa alizinunua katika maduka mawili. Leta kila kitu, zikiwemo dawa za presha, za kisukari, za kupanga uzazi na za mitishamba. Andika pia saa ulizolala kila usiku kwa wiki moja iliyopita, kwani kumbukumbu ya usingizi hudanganya.

Ukiulizwa kuhusu pombe, bangi au miraa, sema kiasi halisi. Hatuulizi ili tukuripoti, na inachosha kulirudia hilo kila wiki. Vivyo hivyo kuhusu mawazo ya kujiua: Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kilitangazwa na Mahakama Kuu mnamo Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba. Aliye na mpango wa kujidhuru sasa hivi, aliyechanganyikiwa akiwa na homa, au anayepata degedege, asisubiri miadi ya video. Apelekwe hospitali iliyo karibu. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya haina malipo.

Kuhusu kurekodi: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa data nyeti, na makosa ambayo haikuyawekea adhabu mahususi yana faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Sisi haturekodi bila idhini yako. Nawe ukitaka kurekodi, omba kwanza, wala usimfiche shemeji nyuma ya simu asikilize, akihitajika tutamkaribisha.

Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi kama dayazepamu hatuziandiki katika miadi ya kwanza ya video, hata kama rafiki yako alipewa mahali pengine. Huu ndio utaratibu wa kliniki, na daktari aliye zamu hana uwezo wa kuubadilisha.

Anayetumia lithiamu, dawa ya kudhibiti hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, atatakiwa kupimwa damu takriban saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukimeza saa tatu usiku, fika maabara saa tatu asubuhi kabla ya kumeza ya asubuhi, nayo dozi hiyo uibebe mkononi ili uimeze mara tu damu ikishatolewa.