Mazoezi ya kutuliza maumivu ya viungo: maana yake na namna yanavyofanya kazi

Mazoezi ya kutuliza maumivu ya viungo ni mienendo ya mwili iliyochaguliwa na kupimwa, ambayo mgonjwa wa baridi yabisi huifanya mara kwa mara ili kiungo kisipoteze uwezo wake wa kukunja na kukunjua, misuli inayokishikilia ipate nguvu, na maumivu yapungue. Neno la kutiliwa mkazo katika maelezo hayo ni "kupimwa". Mtu anayejikaza kupanda ngazi huku goti limevimba hafanyi mazoezi ya aina hii, na yule anayeshinda kitandani kwa kuogopa maumivu naye anakidhuru kiungo kilekile anachodhani anakitunza.

Baridi yabisi si ugonjwa mmoja. Ni jina la jumla la magonjwa zaidi ya 100 ya viungo, na jina lenyewe hueleza vizuri zaidi namna mgonjwa anavyojisikia, yaani ukavu na ukakamavu, kuliko chanzo cha ugonjwa. Aina iliyoenea kuliko zote ni ile ya kulika kwa gegedu (tabaka laini la kwenye ncha za mifupa kiungoni), ambayo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa na wagonjwa milioni 528 mwaka 2019, na goti ndilo linaloathirika zaidi. Aina nyingine inayojulikana sana ni ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo, hasa vile vidogo vya mikono na miguu. Mazoezi yana nafasi katika aina zote mbili, ingawa katika hii ya pili hayawezi kamwe kuchukua nafasi ya dawa zinazoituliza kinga.

Swali ambalo wagonjwa wengi huuliza, nao wana haki ya kuliuliza, ni hili: ikiwa gegedu limelika, kutembea si kuzidi kulila? Jibu limo katika umbile la gegedu lenyewe. Gegedu ni tabaka laini na la kuteleza linalofunika ncha za mifupa inapokutana, na kwa mtu mzima halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kupitia ute uliomo ndani ya kiungo. Uzito wa mwili unapolikandamiza gegedu, majimaji hutoka, na uzito unapoondoka, majimaji huingia tena yakiwa na virutubisho, kama sifongo inavyofanya inapokamuliwa na kuachiwa ndani ya maji. Kiungo kisichosogezwa hukosa mzunguko huo, na ndiyo sababu goti hukakamaa mtu anapoketi kwa muda mrefu kisha hulegea baada ya hatua chache.

Sababu ya pili ni misuli, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Msuli mkubwa wa mbele ya paja husaidia kupokea kishindo cha kila hatua kabla hakijalifikia goti. Goti linapouma, mtu huutumia msuli huo kidogo. Usipotumiwa hudhoofika, na ukidhoofika goti hubeba mzigo zaidi na kuuma zaidi. Zoezi la kuukata mzunguko huu ni rahisi mno: keti kwenye kiti imara, nyoosha mguu mmoja polepole hadi goti liwe limenyooka, kaza paja huku ukihesabu hadi tano, kisha ushushe mguu taratibu bila kuuachia uanguke. Mara kumi kwa kila mguu zinatosha kuanzia. Baada ya siku kadhaa mtu anaweza kuongeza zoezi la kuinuka kitini na kuketi tena bila kujisukuma kwa mikono.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi, hasa katika wiki za mwanzo, si dalili kwamba kiungo kinaharibika. Kipimo ambacho wataalamu wa fiziotherapia hukitumia mara nyingi ni cha saa mbili: ikiwa maumivu yaliyozidishwa na mazoezi bado yapo saa mbili baadaye, au kiungo kimevimba kuliko jana, kiwango kilikuwa kikubwa na kipunguzwe siku inayofuata. Kupunguza si kuacha. Hata hivyo, kiungo kimoja kinachovimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, hasa kukiwa na homa, hakihitaji mazoezi bali daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda kimeingiwa na vijidudu.

Pamoja na kuimarisha misuli kuna mazoezi ya kunyoosha viungo na yale ya kuuchangamsha moyo, kama vile kutembea, kuendesha baiskeli na kuogelea. Maji yanayofika kifuani huubeba mwili, hivyo anayeshindwa kutembea nchi kavu aghalabu huweza kutembea humo. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja anayoipunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Kwa vidole vilivyokakamaa asubuhi, kuvifumba na kuvifumbua ndani ya maji ya uvuguvugu kwa dakika chache husaidia kabla ya kushika kazi yoyote.

Lengo linalopendekezwa kwa watu wazima ni dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, lakini mgonjwa anayeanza na dakika 5 kwa siku ameanza vyema. Nafuu haiji kwa siku mbili; kwa kawaida huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 12, na mazoezi yakikatizwa kwa muda mrefu hupotea polepole kadiri misuli inavyonywea.