Homoni, antioksidanti na mafuta ya damu: maana ya uhusiano wao kwa panya wa maabara

Ulinzi wa antioksidanti ni uwezo wa seli kuzima radikali huru, yaani molekuli zisizo thabiti, kabla hazijaharibu mafuta, protini na DNA. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, hasa superoksidi dismutasi, katalasi na glutathioni peroksidasi, vikisaidiwa na glutathioni yenyewe na vitamini E. Mafuta ya damu, kwa maana ya kolesteroli na trigliseridi, husafiri ndani ya lipoprotini, yaani chembe za mafuta na protini kama LDL na HDL. Mambo haya mawili hupimwa pamoja kwa sababu yote yanapitia kwenye ini, na ini hutii homoni.

Mfano ulio wazi zaidi ni homoni ya thairoidi. T3, aina yake yenye nguvu zaidi, huliongezea ini vipokezi vya LDL, vinavyonasa kolesteroli kutoka kwenye damu, na huharakisha kimeng'enya kinachoigeuza kuwa asidi za nyongo. Ndiyo maana kolesteroli hupanda kwa panya aliyepungukiwa homoni hiyo, na hushuka kwa aliyezidishiwa. Lakini T3 hiyohiyo husukuma mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zitumie oksijeni nyingi zaidi, radikali huru huongezeka, na mara nyingi glutathioni ya ini hupungua. Kolesteroli ikishuka, basi, usidhani kwamba tishu imesalimika. Hapa ndipo wengi hujikwaa.

Kumpunguzia panya homoni hiyo, njia ya kawaida ni kuyeyusha propilthiourasili (PTU) katika maji ya kunywa, gramu 0.5 kwa lita, kwa wiki kadhaa. Dawa hii ni chungu, hivyo panya huweza kunywa kidogo kuliko ulivyopanga; pima maji yanayobaki kila siku. Pia wanyama hao hula kidogo na uzito wao hukua polepole, kwa hiyo liwepo kundi lisilopewa dawa ila linalopewa chakula kwa kiasi kilekile. Tena, molekuli ya PTU ina salfa inayoweza kuzima radikali huru yenyewe, bila kupitia thairoidi. Kutenganisha athari ya dawa na ya upungufu wa homoni, weka kundi linalopewa PTU pamoja na T3. T4, aina nyingine ya homoni ya thairoidi, peke yake haitoshi, kwani PTU huzuia pia ubadilishaji wa T4 kuwa T3, hasa kwenye ini na figo.

Kwa estrojeni, ovari huondolewa kwa upasuaji, na kundi la ulinganisho hupasuliwa na kushonwa bila kuondolewa kitu. Baada ya wiki mbili hivi, pima uzito wa mji wa mimba: usiponywea, kuna kipande cha ovari kilichobaki. Angalia pia chakula. Soya ina isoflavoni, kemikali za mmea zinazojishika kwenye vipokezi vya estrojeni, na zinaweza kuficha tofauti uliyoitafuta. Dozi kubwa za ethinilestradioli, estrojeni ya kutengenezwa, hushusha kolesteroli ya panya kwa kiasi kikubwa mno. Hiyo ni famakolojia, yaani athari ya dawa, haielezi kazi ya kawaida ya ovari.

Kwenye vipimo, malondialdehidi, zao la mafuta yaliyooksidishwa, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Huchemshwa na asidi ya thiobabituri, kisha rangi ya waridi husomwa kwenye nanomita 532. Joto lenyewe huoksidisha mafuta yaliyomo, kwa hiyo ongeza BHT, antioksidanti ya kutengenezwa, kabla ya kuchemsha. Homoni ikishapandisha mafuta ya damu, sampuli ina malighafi zaidi ya kuoksidishwa, na kipimo huongezeka hata kama ulinzi haujadhoofika. Gawanya malondialdehidi kwa kiasi cha lipidi (mafuta) kwenye sampuli, halafu ulinganishe.

Serumu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli, ikiwa na wekundu itupe: seli nyekundu zimejaa katalasi na superoksidi dismutasi, na zikipasuka hutoa matokeo ya uongo. LDL nayo ipimwe moja kwa moja. Fomula ya Friedewald ya mwaka 1972, inayokadiria LDL kwa hesabu, ilitengenezwa kwa binadamu, ilhali panya hana katika damu yake protini ya CETP, inayohamisha kolesteroli kati ya lipoprotini, na kolesteroli yake nyingi iko kwenye HDL.

Kimeng'enya kilichopanda kisomwe kwa tahadhari. Mwanzoni seli huongeza vimeng'enya ili kujihami. Shambulio likiendelea, vyenyewe huharibika na kushuka. Chukua sampuli zaidi ya mara moja, kwa saa ileile, maana kotikosteroni, homoni ya msongo ya panya, hupanda kila jioni taa zinapokaribia kuzimwa.