Tope la ghuba na afya yako: maswali kuhusu viwango vya ubora wa mashapo

Maji ya ghuba yamepimwa na kuonekana safi. Kwa nini tuhangaike na tope?

Kwa sababu maji hupita na tope hubaki. Mashapo ndilo tope hilo na mchanga uliotua chini ya maji. Bahari inajaa na kupwa kila siku, hivyo sampuli ya maji inakueleza hali ya saa ile ilipochotwa tu. Zebaki, risasi, dawa ya wadudu ya DDT na zile kemikali za kundi la PCB zilizokuwa zikitiwa kwenye transfoma hazikai sana majini. Hunata kwenye chembe laini za udongo na kwenye mabaki ya mimea, kisha huzama nazo. Pale mto unapoingia baharini, chumvi huzifanya chembe hizo zishikamane, kasi ya maji hupungua, na mzigo wote hutua chini. Ndiyo sababu midomo ya mito na ghuba zilizojifunga hupokea uchafu wa bonde zima la mto, hata wa viwanda vilivyofungwa zamani.

Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972 na utengenezaji wa PCB mwaka 1979, lakini zote bado zinapatikana kwenye tope la ghuba zake. Katika Ghuba ya San Francisco, sehemu kubwa ya zebaki iliyomo ni urithi wa machimbo ya dhahabu na ya zebaki ya karne ya 19.

Sumu iliyo chini ya bahari inanifikiaje mimi niliye nchi kavu?

Kupitia samaki na chaza, zaidi ya njia nyingine yoyote. Ndani ya tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza zebaki kuwa methilizebaki, ambayo miili ya viumbe huipokea upesi na kuitoa polepole sana. Mnyoo anakula tope, samaki mdogo anamla mnyoo, samaki mkubwa anawala wadogo wengi, na katika kila hatua sumu inazidi kukolea. Mla wote hao ni wewe.

Methilizebaki huvuka kondo la nyuma na kuufikia ubongo wa mtoto aliye tumboni. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliosababishwa na maji taka ya kiwanda cha Chisso ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Walikuwepo akina mama ambao wao wenyewe hawakuonyesha dalili kubwa, lakini watoto wao walizaliwa na ulemavu mzito. PCB nazo zinahusishwa na saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka mwaka 2013 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Kugusa tope au kuogelea kuna hatari ndogo kuliko kula. Hata hivyo, watoto wadogo hutia mikono mdomoni, kwa hiyo wanawe kwa maji safi na sabuni wakitoka kuchezea tope la bandarini.

Tope linalonuka sana ndilo lenye sumu?

Hapana. Harufu ya mayai viza hutokana na kuoza kwa majani na viumbe mahali pasipo na hewa, na tope la mikoko iliyo na afya njema hunuka hivyo hivyo. PCB na zebaki hazikupi onyo la harufu.

Kwa nini serikali isitangaze namba moja kwa kila kemikali, jambo likaisha?

Namba zipo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha jozi za viwango vya kuongozea ambavyo vimetumika sana tangu hapo. Kwa zebaki, chini ya miligramu 0.15 katika kilo moja ya tope kavu madhara kwa viumbe ni nadra, na juu ya 0.71 hutokea mara kwa mara. Kwa risasi ni 46.7 na 218. Zinafaa sana kwa kuchuja, yaani kujua ni wapi pa kuchunguza kwanza.

Tatizo ni kwamba kiasi kilichomo si sawa na kiasi kinachodhuru. Chukua matope mawili yenye shaba sawasawa. La kwanza lina salfidi nyingi, yaani kemikali ya salfa, ambayo huikamata shaba isiweze kuingia mwilini mwa kiumbe. La pili ni mchanga usio na kitu cha kuishikilia. La kwanza linaweza kuwa salama, la pili likaua. PCB nazo hubanwa na kaboni ya mabaki ya mimea, kwa hiyo tope jeusi lenye viozo vingi huziachia kidogo kuliko mchanga. Zaidi ya hapo, kuna mabonde ambayo miamba yake ina madini mengi kwa asili, na namba iliyotungwa kwingine italiita tope lake chafu ilhali hakuna aliyelichafua. Tena mkemia hupima orodha yake tu. Kemikali isiyo kwenye orodha haitaonekana, wala madhara ya kemikali kumi zilizochanganyika.

Kwa maoni yangu, kunakili jedwali la nchi nyingine na kuligeuza sheria bila kulijaribu kwenye tope la kwenu ni kosa la kuwili: mtatumia fedha kusafisha pasipo na shida na mtapaacha penye shida.

Basi hali ya tope inaamuliwaje?

Kwa kuuliza maswali matatu juu ya sampuli za mahali pamoja. Jimbo la California liliupitisha utaratibu huu mwaka 2008 kwa ajili ya ghuba zake zilizojifunga na midomo ya mito, baada ya sheria ya mwaka 1989 kulitaka liweke viwango vya mashapo. Jimbo la Washington, lililo kaskazini zaidi, lilikuwa limetangulia kuweka viwango vyake mwaka 1991.

Swali la kwanza ni la kemia: kuna nini na kiasi gani? La pili ni la sumu yenyewe. Viumbe wadogo jamii ya kamba huwekwa kwenye tope hilo maabara kwa siku 10, kisha wanahesabiwa waliobaki hai. Viinitete vya kome pia hutumika, kuona kama vinakua sawasawa. La tatu ni la wakazi: je, minyoo, konokono na chaza wanaostahili kuishi pale wapo, au wamebaki wale wachache wanaovumilia uchafu?

Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote kwenye mdomo wa mto. Chumvi hupanda na kushuka, na spishi nyingi haziwezi kuvumilia mabadiliko hayo hata pasipo uchafu wowote. Ukilinganisha mdomo wa mto na bahari ya wazi, utausingizia uchafuzi kazi iliyofanywa na chumvi. Kwa hiyo lazima kwanza yatafutwe maeneo mengine ya chumvi kama hiyo yasiyoguswa sana na viwanda, yawe kipimo. Kazi hiyo huchukua miaka, nayo haistahili kurukwa.

Majibu matatu huunganishwa. Kemia ikiwa mbaya lakini kamba wanaishi na wakazi wapo, hukumu inakuwa nyepesi. Yote matatu yakilia, hakuna ubishi.

Tope likifaulu vipimo hivyo, samaki wake ni salama kwangu?

Si lazima, na hapa watu wengi wanapotoshwa. Mnyoo anaweza kuishi vizuri kwenye tope lenye PCB ambazo baadaye zitakolea ndani ya samaki kiasi cha kumdhuru anayemla kila siku. California ilikuja kuongeza mwaka 2018 utaratibu kamili wa kupima hatari kwa walaji wa samaki.

Hesabu yake huanzia kwenye sahani na kurudi nyuma hadi kwenye tope: mtu anakula gramu ngapi, samaki ana sumu kiasi gani, na kiasi gani kati ya hiyo kimetoka kwenye tope la ghuba hii, maana samaki husafiri. Gramu hizo ndizo za kupigania. Wastani wa taifa zima unawaficha wavuvi na familia zao, ambao mboga yao ya kila siku ni samaki wa palepale. Kiwango kisichowahesabu hao hakijalinda afya ya mtu.

Nikimsafisha samaki vizuri, sumu inatoka?

Inategemea ni sumu gani. PCB na DDT hukaa kwenye mafuta, hivyo kutoa ngozi, mafuta na matumbo hupunguza sehemu yake. Zebaki imo ndani ya nyama yenyewe, na hakuna kukaanga wala kuchemsha kunakoiondoa. Mjamzito asiache samaki, kwa kuwa wana virutubisho vinavyojenga ubongo wa mtoto. Achague wadogo wanaoishi muda mfupi, kama dagaa, na aepuke papa na nduaro.

Tope likishindwa, linazolewa lote?

Mara nyingine tu. Kulikoroga tope huachia majini kile kilichokuwa kimelala. Pengine ni bora kulifunika kwa mchanga safi, au kuuziba mfereji wa uchafu na kuacha tope jipya lifunike la zamani. Usipoziba chanzo kwanza, utazoa bila mwisho.

Minamata walizoa. Mstari wao wa kuanza kuzoa ulikuwa miligramu 25 za zebaki kwa kilo. Ulinganishe na ile 0.71 uone kwamba mstari wa kuanza kuzoa si mstari wa usalama. Kati ya 1977 na 1990 tope la takriban mita za ujazo milioni 1.5 lilishughulikiwa, na hekta 58 za ghuba zikageuzwa ardhi. Samaki walitangazwa kuwa salama mwaka 1997.

Nikialikwa kwenye mkutano wa kujadili viwango vya ghuba yetu, niulize nini?

Uliza sampuli zilichotwa wapi na kwa kina gani. Viumbe huishi kwenye sentimita chache za juu, lakini bandari ikitaka kuongezwa kina, tope la chini litaibuka, kwa hiyo nalo lipimwe. Uliza walipima samaki gani, na kama ndio mnaowala ninyi, wakiwa wazima na matumbo yao au minofu tu. Halafu uliza gramu ngapi kwa siku zimewekwa kwenye hesabu, na ni nani aliyehojiwa kuzipata.