Je, wajua? Kwanini mtelezaji mzito kwenye theluji anamuacha mwepesi

Hapa Mwanza theluji tunaionaga kwenye TV tu, ila ubishi wake tunao: wale jamaa wanaoshuka mlima na skii (vile vibao virefu vyembamba) miguuni, mnene na mwembamba wakiachiwa pamoja nani anatangulia? Wengi wanasema watafika sawa, si tulifundishwa shuleni vitu vyote vinaanguka sawa. Hapo ndo penye utamu.

Mlima wenyewe kweli haubagui. Mzito anavutwa chini kwa nguvu zaidi, lakini huyohuyo ni mgumu kusukumika, na msuguano wa theluji nao unapanda kulingana na uzito wake, kwahiyo vinafutana. Anayevuruga hesabu ni hewa. Hewa haiulizi una kilo ngapi, yenyewe inaangalia mwili wako umetandaa kiasi gani mbele yake na unakuja na spidi gani, na spidi ikizidi mara 2 upinzani unazidi mara 4! Sasa chukua watu wa umbo moja, kilo 60 na kilo 90: huyu wa pili uzito umeongezeka nusu nzima ila eneo linalopigwa na upepo limeongezeka kama asilimia 30 tu. Mwanzoni wanakuwa karibu sawa, spidi ikishapanda ndo mzito anachomoka.

Kama umewahi kushuka na baiskeli kilima cha Bugando hii unaijua, ukikaa wima shati linajaa upepo, ukilala kwenye usukani unaona kabisa baiskeli imeshika moto. Watelezaji nao wanakunja magoti, kifua kwenye mapaja, mikono mbele. Mtelezaji Simon Billy wa Ufaransa alijikunja hivyo mlimani pale Vars, hukohuko kwao, Machi 2023, akapiga kilomita 255.5 kwa saa. Mtu akiruka toka kwenye ndege akajitandaza, kabla ya kufungua parachuti anaishia kwenye 200 hivi.

Na chini ya skii je? Mwaka 1939 wanasayansi Bowden na Hughes wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba msuguano wenyewe unatoa joto, theluji inayeyuka kidogo sana, na skii inapita juu ya utando huo wa maji. Baridi ikizidi maji hayatoshi, skii inakwaruza, joto likizidi maji yanajaa na kuinyonya. Ndo maana mafundi wa timu wanapima kwanza joto la theluji kabla hawajachagua nta ya kupaka, na nta ya jana inaweza isifae kabisa leo.