Je, wajua kwa nini mtoto anakuwa mpole kwa watu, akimuona mamake tu anaanza kisirani?

Hii naamini kila mama ishamkuta. Umemuacha mtoto kwa bibi yake tangu asubuhi ukenda zako kazini, siku nzima habari njema tupu, kala, kacheza, kalala, hajamsumbua mtu. Wewe unapiga hodi tu mlangoni, hata viatu hujavua, mtoto kusikia sauti yako anaangua kilio kama kapigwa. Bibi anabaki anakutizama. "Saa zote hizi alikuwa kimya, kakusikia wewe tu."

Na wewe unabaki unajiuliza nimemfanya nini huyu.

Wa kwangu ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Mwalimu wake aliniambia mtoto wangu mtulivu mashaallah, anasikiliza, anasubiri zamu yake, nikawa nacheka kimoyomoyo nasema hapa labda kanichanganyia na wa mtu mwengine. Maana wiki hiyohiyo alirudi skuli saa sita na nusu mchana nikamkatia chapati nusu kwa nusu ili ienee kwenye kisahani, weee! Kumbe anaitaka nzima. Nikampa nusu zote mbili, hazitaki, anataka ziungane. Sasa chapati ikishakatwa utaiunga na nini jamani? Akagaragara sakafuni na shati lake jeupe la skuli, analia mpaka sauti inakauka, baba yake katokeza mlangoni anasema "mbona mie hanifanyii hivo?" (hilo swali lake lilinikera siku nzima lakini ndo lenye jibu lote, nalirudia chini).

Kwanza ujue kwamba kujizuia kunachosha, na kunamchosha mtoto kuliko mtu mzima. Sehemu ya ubongo inayotusaidia kuzuia hasira, kusubiri na kufikiri kabla ya kutenda iko mbele, nyuma ya paji la uso, na hiyo ndo ya mwisho kukomaa, inaendelea kukua mpaka mtu anapita miaka 20. Sasa fikiria wa miaka 6 asubuhi yake ilivyokuwa. Kakaa kwenye dawati kabanana na wenzake, joto, kataka kwenda chooni kaomba ruhusa kaambiwa subiri, penseli yake kachukuliwa, kachekwa, machozi yamemjia kayameza kwa sababu akilia watamcheka zaidi. Yote hayo kayazuia. Ni kama mtu aliyetoka bombani na ndoo ya maji kichwani, njia nzima hamwagi hata tone, akifika uani ndo shingo inasema basi. Ile chapati haina kosa lolote, ndo kitu cha kwanza tu alichokutana nacho baada ya kutua ndoo.

Halafu utake usitake kuna njaa na usingizi. Watoto wa miaka 6 mpaka 12 wanatakiwa walale baina ya saa 9 na 12 kwa siku, wa miaka 3 mpaka 5 ni saa 10 mpaka 13 ukihesabu na usingizi wa mchana. Sasa tuhesabu wa kwetu: katuni na simu mpaka saa nne usiku, alfajiri saa kumi na moja anaamshwa aoge, hapo kalala saa 7 tu. Anakwenda skuli, anarudi, anavaa kanzu anakwenda chuoni kusoma Kurani mpaka alaasiri. Hata mie ningegaragara.

Sasa swali la baba yake, kwa nini kwa mama na si kwake? Kiswahili chetu kilishajibu zamani kwa neno moja, kudeka. Tunalitumia kama tusi, "huyo anadeka tu", lakini hebu lifikiri. Mtu anadeka kwa nani? Hadeki kwa mgeni, hadeki kwa kondakta wa daladala, anadeka kwa yule anayejua hatomtupa hata akimuona katika hali mbaya kabisa. Na anayelea zaidi ndo anayedekewa zaidi, kwenye nyumba nyengine ni baba, nyengine bibi, nyengine dada mkubwa.

Na hili limechunguzwa hapahapa Afrika Mashariki, watu wengi hawajui. Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia aitwae Mary Ainsworth alikwenda Uganda, akawa anatembelea majumba ya karibu na Kampala, anakaa na akina mama 26 na watoto wao wachanga, anatizama tu jinsi wanavyoishi, kitabu chake kikatoka 1967. Alichokiona ni kwamba mtoto anamtumia mama yake kama sisi tunavyolitumia diko, pale pwani zinapotia nanga ngalawa. Ngalawa inatoka dikoni inakwenda baharini, inazunguka, upepo ukichafuka inarudi, inapumzika, inatoka tena. Mtoto anatambaa anakwenda kushika hiki na kile, akishtuka anarudi kwa mama, akitulia anakwenda tena. Na wale ambao mama zao walikuwa wepesi kuwasoma na kuwaitika hawakuwa watoto wa kulialia, ni kinyume chake, walilia kidogo. Hapo mie ndo nilipoacha kuwasikiliza wanaosema ukimbembeleza mtoto unamharibu.

Sasa unafanya nini mtoto akiwa chini sakafuni? Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kufunga mdomo. Sie mtoto akitia mguu tu ndani tunamvaa na maswali, umesoma nini, nani kakuudhi, mbona shati chafu, daftari liko wapi, na yeye kichwa kimejaa hana hata pa kuliweka swali. Siku hizi namuitikia salamu, namvua begi, nampa maji na kitu cha kula, nakaa karibu nae nachambua mchele wangu. Nusu saa hivi simuulizi kitu. Kama analia, alie, mie nipo, wala sianzi kuhubiri maana mtoto aliyepandwa na hasira maneno hayamuingii, kama wewe ulivyo ukiwa umekasirika mtu akakwambia "tulia".

Lakini tusichanganye, kumuacha alie si kumuacha apige. Wa kwangu akinyanyua mkono kunipiga naushika, namwambia "kulia lia, kunipiga hapana", basi, kwa sauti ileile ya kawaida. Na chapati nyengine simpikii ili anyamaze. Hapo wengi tunateleza, ama bakora ama kila anachotaka, hakuna katikati. Watu watakwambia samaki mkunje angali mbichi, na mie nakubali, ila kukunja si kuvunja, ukimpiga kwa sababu kalia atakachojifunza ni kutolia mbele yako, na akishajifunza hivo ndo hatokwambia tena la maana.

Maneno yaje mambo yakishapoa, usiku kitandani au mkiwa njiani. Mpe majina ya anayoyahisi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake kule California walipiga picha za ubongo za watu wazima wakiwaonyesha nyuso zenye hasira na hofu, mtu akiitaja ile hisia kwa jina, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari inapoa. Na lugha yetu imejaa maneno haya, kuona haya, wivu, unyonge, kinyongo, hamu, roho kuuma, lakini watoto tunawafundisha moja tu, "kanuna". Mtoto anayejua kusema "roho iliniuma" hana haja ya kupiga teke kisahani.

Kitu kimoja nisikipite. Kisirani cha kurudi skuli kinakuja na kinaondoka, akila akilala anakuwa yule yule. Kama mtoto kabadilika ghafla, hataki kabisa kwenda skuli au chuoni, anaanza kukojoa kitandani na alikuwa ameshaacha, anaogopa mtu fulani akitajwa, hapo si kudeka. Kaa nae kwa upole, msikilize, mfuate mwalimu, na ukiona hatari ipo namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, bure, Unguja na Pemba inapatikana.

Na siku ile ya chapati? Usiku nimemfunika shuka, taa ishazimwa, ananambia mwenyewe bila kuulizwa, rafiki yake kahama dawati kenda kukaa na mtoto mwengine. Kalibeba hilo tangu saa mbili asubuhi. Nikamwambia "roho ilikuuma eeh?" Akasema ndio, akageukia ukutani akalala. Chapati yenyewe nilikuwa nimeifunika na kawa, alaasiri alivyorudi chuoni akaifunua akaila na chai, nusu zote mbili, wala hakukumbuka kama ilikatwa.